Ala Kwanza, Chuo Baadaye

Kijana anayetaka kusomea muziki huulizwa alama zake za kidato cha nne, kisha ada, kisha umbali wa chuo. Ala anayotaka kuipiga huulizwa mwisho, ikikumbukwa. Hivyo ndivyo mpenda udi anavyojikuta miaka mitatu mbele ya piano. Piano si mbaya, ila haina sauti zote. Katika maqamu ya Rast, mojawapo ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, sauti ya tatu na ya saba hukaa kati ya kibonyezo na kibonyezo, na hakuna kidole kitakachozipata pale. Taarabu ya Unguja, ambayo kikundi cha Ikhwani Safaa kimeipiga tangu 1905, imezikuta sauti hizo kwenye udi, kanuni na fidla (akodiani, isiyo nazo, nayo imo humo miaka mingi, lakini hayo ni mabishano ya siku nyingine). Noti za kitabuni peke yake hazimpi mtu sikio la namna hiyo. Hulipata kwa kukaa na mwalimu, ala mapajani, akirudia hadi mwalimu anyamaze. Kwa hiyo anayeitaka kanuni ana sababu ya kuvuka bahari hadi Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kilichofunguliwa Zanzibar mwaka 2002, hata kama chuo kikuu kiko mlangoni kwao. Bagamoyo ni habari nyingine. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, iliyoanza 1981 kama Chuo cha Sanaa, hufundisha muziki bega kwa bega na ngoma na maigizo. Hapo ndipo alipofundisha Hukwe Zawose, bingwa wa ilimba na zeze. Mtu wa jukwaani atajiona yuko kwao. Anayetaka kujifungia na violini kutwa nzima ataona anapotezewa muda.

Wazazi watasema kinachotafutwa ni cheti. Wana haki pale kijana anapotaka kufundisha shuleni, kwa maana mwajiri atakidai, na idara ya muziki ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kwa mfano, huandaa walimu wa aina hiyo. Lakini kufundisha nako ni kipaji chenye njia yake. Harusini na hotelini mpigaji haulizwi cheti. Wengine watauliza, je, na asiyejua bado anachokipenda? Huyo aende kuwasikiliza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wakipiga, si walimu wao, maana ndiye atakayekuwa. Kisha aulize: mwalimu wa ala hii yupo wiki nzima au huja kwa mwaliko? Ala ni ngapi, na wanafunzi wangapi? Chumba cha mazoezi hufungwa saa ngapi? Kipeperushi hakisemi hayo. Na yule anayesema wasanii wengi wa bongo fleva hawakusomea muziki popote hajakosea: shule yao ilikuwa studio. Anayeitaka njia hiyo atafute chuo chenye studio ambayo wanafunzi huruhusiwa kuigusa. Akikikosa, ada ya mwaka mmoja huenda ikamfaa zaidi ikinunua kompyuta na maikrofoni.