Usilipie mtihani usio wako

Ukisikia mtu wa Isiolo ameuza mbuzi wanne kwa mpigo, na nyumbani hakuna harusi wala mgonjwa, huenda kuna kijana anayejiandaa kwenda ng'ambo. Ada ya IELTS hapa Kenya ni zaidi ya shilingi 25,000, na hapo bado hujahesabu nauli ya Nairobi, kama kilomita 280, wala pa kulala. Pesa hiyo mara nyingi haitoki mfuko mmoja. Mjomba ametuma elfu mbili, chama cha mama kimetoa elfu kumi, dada anayeuza maziwa ya ngamia ameongezea. Zote zimeingia kwa simu yako, halafu jamaa wa saiba anakuambia, "Lipa IELTS tu, hiyo inakubalika kila mahali."

Ngoja kwanza. Muulize, IELTS gani?

Maana jina ni moja lakini ndani yake kuna mitihani tofauti. Kuna Academic, ya wanaoenda chuo na wa taaluma kama uuguzi. Kuna General Training. Halafu kuna IELTS for UKVI, ambayo maswali ni yale yale lakini hufanyiwa katika kituo kilichoidhinishwa kwa ajili ya viza ya Uingereza, na bei yake iko juu. Anayehitaji hiyo ya UKVI akileta matokeo ya kawaida, hayakubaliki, hata kama alipata alama za juu vipi. Na anayetaka kuhamia Kanada kupitia Express Entry anatakiwa kuwa na General Training. Akifanya Academic, pesa imeenda. Kanada pia inakubali CELPIP na PTE Core.

Kwa hivyo anza na atakayesoma matokeo yako. Fungua tovuti ya chuo, ya baraza la taaluma au ya idara ya uhamiaji, soma wanataka nini, piga picha ya ukurasa huo uhifadhi kwa simu.

Chukua mfano wa muuguzi, kwa sababu wengi wanaouliza ni wauguzi. Baraza la wauguzi la Uingereza, NMC, linakubali IELTS Academic au OET. Kwa IELTS wanataka 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. OET imetungwa kwa watu wa afya: barua utakayoandika inahusu mgonjwa, si maoni yako kuhusu mazingira. Bei yake ni kubwa kuliko IELTS, lakini mtu ambaye kila siku anaandika ripoti za wadi anaweza kujikuta nyumbani zaidi huko. Na jambo ambalo maajenti wengi hawakuambii: NMC ikisharidhika na Kiingereza chako, viza yako ya uuguzi haihitaji mtihani mwingine. Usilipe mara mbili.

Tukiwa hapo hapo Uingereza, njia ya kuajiriwa kutoka nje kama mlezi wa wazee ilifungwa kwa waombaji wapya Julai 2025. Mtu akikuuzia mtihani na "nafasi ya caregiver" pamoja, shika simu yako vizuri.

Mwanafunzi naye asikimbilie kulipa. Vyuo kadhaa vya Uingereza vinakubali alama ya Kiingereza ya KCSE, kwa hivyo tuma barua pepe uulize, haigharimu kitu. Marekani TOEFL inajulikana sana, na vyuo vingi huko hupokea pia Duolingo English Test, ambayo ni chini ya dola 100 na unafanyia nyumbani. Hiyo nayo inataka kompyuta, chumba kimya na intaneti isiyokatika. Stima ikipotea katikati, umekwama. Na viza ya Uingereza haiitambui.

Sasa malipo. Jisajili mwenyewe kwenye tovuti rasmi, kwa barua pepe yako mwenyewe. Ukipewa namba ya paybill, soma vizuri jina linalotokea. Lisipokuwa la taasisi yenyewe, acha. Ukituma kwa namba ya mtu binafsi naye akatoa pesa kwa ajenti, kuirudisha ni kazi ngumu sana. Hifadhi SMS ya malipo. Na yule wa "cheti bila kufanya mtihani" mkimbie: matokeo huhakikiwa kwa wenye mtihani, na Uingereza ikikukamata na hati ya uongo unaweza kufungiwa miaka 10.

La mwisho ni pasipoti. Jina la usajili lazima lifanane nayo herufi kwa herufi, na hapa kwetu Mohamed wa cheti cha kuzaliwa mara nyingi ni Mohammed kwa kitambulisho. Rekebisha hilo kabla ya kulipa. Matokeo ya IELTS hudumu miaka 2 tu, kwa hivyo ukifanya mtihani leo na pasipoti ikachelewa, saa inahesabu.