Leseni Ndani ya Kompyuta Nyepesi

Mkulima wa korosho wa Nachingwea au Ruangwa halazi magunia yake nyumbani akingoja mnunuzi. Huyapeleka katika chama chake cha msingi, mzigo ukahifadhiwa ghalani, naye akabaki na stakabadhi mkononi. Chini ya paa moja humo mna mali ya watu wengi, lakini hesabu ya kila mmoja haichanganywi na ya mwenzake. Utaratibu huo uliingia katika zao la korosho mwaka 2007. Katika wilaya hizo mbili unasimamiwa na chama kikuu cha ushirika RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale.

Kompyuta nyepesi hutumia kanuni iliyo jirani na hiyo. Mezani kwa mwanafunzi huwapo kioo, kibao cha herufi na kisanduku kidogo kisichotumia umeme mwingi. Kazi yenyewe hutendeka katika kompyuta moja kubwa, yaani seva. Mwanafunzi abonyezapo herufi, ishara husafiri hadi kwenye seva, na kinachorudi ni picha ya kioo tu. Programu haitoki ghalani. Ndiyo maana hata mashine kuukuu huweza kutumika.

Lakini ghala la watu wengi huhitaji mtu wa kutenganisha marobota. Mfumo wa Windows NT wa kampuni ya Microsoft haukuundwa uhudumie watu wengi kwa mara moja, kila mtu na kioo chake. Kazi hiyo ilifanywa na Citrix, kampuni iliyoanzishwa Texas, Marekani, mwaka 1989 na Ed Iacobucci, aliyetoka IBM. Ili kuubadili mfumo, Citrix ilihitaji maandishi asilia ya programu, na Microsoft iliyatoa kwa leseni. Mwaka 1995 ikatoka WinFrame, bidhaa ya Citrix iliyosimama juu ya kiwanja cha mwingine.

Februari 1997 mwenye kiwanja alitangaza kwamba angejenga chake. Hisa za Citrix zilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake kwa siku moja. Nachingwea hawakosi kuijua hali ya namna hiyo: reli ya kutoka Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, mpango ukavunjwa mwaka 1951, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikang'olewa.

Citrix haikung'olewa. Mei 1997 Microsoft ilikubali kulipa dola milioni 75 papo hapo, na jumla ingeweza kufika milioni 175, ili ipewe leseni ya MultiWin, sehemu ile inayotenganisha watumiaji. Mwaka 1998 ikauza toleo lake la Windows NT 4.0 la seva ya watu wengi. Citrix ilibaki na ICA, lugha yake ya kusafirisha picha na ishara. Tangu hapo aliyetaka bidhaa ya Citrix alilipia leseni mbili, kwa wenyewe wawili.

Hesabu hiyo humfikia mwalimu. Bei ya visanduku huonekana dukani. Leseni ya seva, na ya kila anayeingia humo, haionekani. Njia nyingine ipo: mradi wa LTSP, ulioanza mwaka 1999, hutumia Linux bila ada ya leseni, na mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Hata hivyo Linux humtaka mtu anayeifahamu awe karibu, kwa kuwa seva ikizimika darasa zima huzimika.

Shule ikichagua Windows, muuzaji hana budi kuulizwa kama leseni ni ya kifaa au ya mtu. Mikondo mitatu ya wanafunzi 40 ikipokezana kwenye meza 20, leseni za vifaa ni 20. Za watu ni 120, na mwalimu hajahesabiwa.