Mwungwana na Mshenzi: Jinsi Waungwana wa Nyangwe Walivyotazamwa na Jirani Zao

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha pwani, neno mwungwana lilimaanisha mtu huru asiye mtumwa, na kwa upana wake mtu mwenye adabu. Lilipoingia Maniema pamoja na misafara ya karne ya 19, maana yake iligeuka. Huko Nyangwe na Kasongo, Waungwana walikuwa wafuasi wa wafanya biashara wa Unguja na pwani: watu waliovaa kanzu, wakafuata Uislamu na kusema Kiswahili, wawe huru au watumwa. Makala haya yanachunguza namna jamii zilizowazunguka zilivyowatazama watu hao. Hoja yetu ni kwamba jina moja liliwafunika watu wa namna nyingi, na kwamba lawama iliyoambatana na jina hilo iliwafuata hata wasiohusika.

2.0 Mshenzi hugeuka mwungwana

Tuanze na upande wa pili wa mtazamo. Katika masimulizi ya misafara, watu wa Maniema walisemwa kuwa wala watu, nao wakahesabiwa miongoni mwa washenzi. Lakini ushenzi huo haukuwa wa kudumu. Vijana waliotekwa walilelewa katika nyua za wafanya biashara, wakafunzwa dini, lugha na matumizi ya bunduki. Baada ya miaka michache wao ndio walioitwa Waungwana. Ngongo Lutete, aliyekuwa mtumwa utotoni, alikuja kuwa mmoja wa majemadari wakuu wa Tippu Tip. Kwa hiyo wengi wa wale walioogopwa kama wageni walikuwa wazaliwa wa bara hilo hilo.

3.0 Hofu na mvuto

Hofu ya wenyeji ilikuwa na sababu. Soko la Nyangwe, ukingoni mwa mto Lualaba, liliwakutanisha wanawake wa vijiji vya pande zote mbili, na desturi iliwalinda hata vijiji vyao vilipokuwa vitani. David Livingstone, aliyefika hapo mwishoni mwa Machi 1871, alikaa miezi mingi bila kupata mitumbwi ya kuvukia. Sababu mojawapo ni kwamba wenyeji walimshuku: aliyefuatana na wenye bunduki alihesabiwa kuwa mwenzao. Tarehe 15 Julai 1871 wafuasi wa mfanya biashara Dugumbe waliwafyatulia risasi watu waliokuwa sokoni. Wafanya biashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400, wengi wao wakiwa wamezama mtoni.

Majina nayo yanatoa ushahidi. Kwa maelezo ya Hamed bin Muhammed mwenyewe, jina lake la Tippu Tip lilitokana na mlio wa bunduki zake. Wengine husema lilitokana na kupepesa macho kwake. Maelezo yote mawili yanaonyesha kuwa jina lilitungwa na watazamaji, wala si na mtazamwa.

Hata hivyo, hofu haikuwa peke yake. Mashamba ya mpunga, nguo, nyumba za pembe nne na lugha iliyoeleweka kutoka Tanganyika hadi Lualaba viliwavutia wengi. Waliowachukia Waungwana waliweza pia kuwaiga.

4.0 Jina jipya la kikoloni

Nyangwe ilitekwa na majeshi ya Dola Huru ya Kongo mwezi Machi 1893, na Kasongo mwezi Aprili. Vita hivyo vilitangazwa kuwa vya kukomesha utumwa. Watawala waliwaita Waungwana waliosalia arabisés, yaani "walioarabishwa". Kwa neno hilo, mzaliwa wa Maniema alifanywa mgeni nusu katika nchi yake, na Uislamu wake ukawa jambo la kuchungwa. Kwa kuwa elimu ilikuwa zaidi mikononi mwa misheni, wazazi wengi Waislamu waliogopa kuwapeleka watoto wao shuleni, na watoto hao wakabaki nyuma.

Lugha yao haikunusurika. Kingwana, jina lililotokana na uungwana, lilikuja kutumiwa na baadhi ya watu kwa maana ya Kiswahili kilichoharibika. Jina la heshima likawa la dharau.

5.0 Hitimisho

Kuwatetea Waungwana wote kungekuwa kuwasahau wanawake wa soko la Nyangwe. Kuwalaani wote nako ni kusahau kwamba wengi wao walianza wakiwa mateka. Mtafiti anayekutana na neno mwungwana, mshenzi au Kingwana katika maandishi ya Maniema hana budi kuuliza kwanza: nani anamwita nani, tena mwaka gani? Bila swali hilo, tutaendelea kurithi macho ya watu wengine tukidhani ni yetu.