Picha ukutani si pambo tu

OFISI nyingi za biashara hapa Kisumu zimepambwa kwa namna moja: picha ya Rais, leseni ya biashara ndani ya fremu, na kalenda iliyotolewa bure na kampuni ya bima. Sehemu iliyobaki ni rangi ya krimu mpaka darini. Mfanyakazi hukaa humo saa nane kwa siku, kisha huja kwangu Milimani akilalamika kuumwa kichwa, macho mazito na moyo kwenda mbio. Mara nyingi nikimpima sioni malaria wala homa ya matumbo.

Sisemi ukuta mtupu ndio uliomwangusha. Mwanga hafifu, kiti kibovu na mkubwa wa kazi mwenye hasira vina lawama kubwa zaidi. Lakini macho nayo yanahitaji mahali pa kupumzika, na jambo hili limechunguzwa na wataalamu kwa muda mrefu.

Mwaka 1984 Roger Ulrich wa Marekani alichapisha katika jarida la Science habari za wagonjwa 46 waliopasuliwa kuondolewa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Dirisha la nusu yao lilitazama miti, la wengine lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitalini mapema kidogo, kwa tofauti isiyofika siku nzima, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Baadaye yeye na wenzake walijaribu picha kwa wagonjwa waliopasuliwa moyo huko Uppsala, Uswidi. Picha ya maji na miti ilipunguza wasiwasi. Michoro ya maumbo yasiyoeleweka, yenye pembe na mistari iliyonyooka, iliwazidishia wengine hofu.

Kwa ofisi, uchunguzi ninaoupenda ni ule wa Craig Knight na Alex Haslam wa Chuo Kikuu cha Exeter, uliochapishwa mwaka 2010. Watu walifanya kazi vizuri zaidi katika chumba chenye mimea na picha kuliko katika chumba kitupu. Waliopanga mapambo wenyewe waliwashinda wote. Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo wakubwa wengi hufanya bila kufikiri: waliingia na kupanga upya kila kitu alichopanga mfanyakazi. Faida yote ikapotea. Kwa hiyo, ewe mwenye kampuni, usimtume dereva akanunue picha sita za ukubwa mmoja. Waulize wanaozitazama.

Je, lazima iwe kazi halisi ya mkono? Mgonjwa haulizi cheti cha mchoraji, na nakala nzuri ya mti pia hutuliza. Mimi hupendelea kazi halisi kwa sababu huzua mazungumzo. Watu wawili wasiojuana, kila mmoja akingojea kwa wasiwasi, huanza kubishana kama ule ni mwamba wa Kit Mikayi au la, na anayezungumza hupumua taratibu. Tena fedha hubaki kwa fundi wa hapa. Vikapu na mikeka ya magugu-maji hutengenezwa na akina mama ufuoni Dunga. Vinyago vya mawe hutoka Tabaka, Kisii. (Wachongaji wa Tabaka wangevaa barakoa, kwani vumbi lile si rafiki wa mapafu, lakini hiyo ni makala nyingine.)

Hapa ndipo ninapotofautiana kidogo na Waswidi. Kwao maji ni utulivu. Kwetu ziwa hulisha, na ziwa huua. Mgonjwa wangu mmoja, mjane wa mvuvi, aliniambia kwamba alipokwenda kuomba mkopo katika ofisi fulani mjini alikalishwa mbele ya mchoro mkubwa wa mashua katikati ya mawimbi. Mchoro ulikuwa mzuri, alisema, mzuri mno. Alitoka kabla ya jina lake kuitwa. Palipo na watu wanaosubiri kwa hofu, iwe benki au zahanati, weka ziwa lililotulia, au mti, au soko la Kibuye asubuhi. Mashua ya dhoruba ipeleke ofisi ya mkurugenzi.

Mwenye pumu asikalishwe karibu na mchoro wa rangi ya mafuta uliotoka kwa fundi wiki hii. Uache kwanza penye hewa mpaka harufu iishe. Usitundike kwenye ukuta unaovuja, maana kuvu humea nyuma ya fremu. Panguza vumbi kwa kitambaa chenye unyevu. Na mara kwa mara inua fremu utazame nyuma yake: mbu hupenda kujificha gizani pale mchana kutwa. Wanyunyizaji wa dawa wakija, shusha picha zote kabla hawajaanza, ili dawa ifike ukutani.