Fahamu: Jinsi Ufalme wa Kale wa Misri ulivyosambaratika

Mgawanyo wa watawala wa Misri ya kale katika nasaba 30, yaani mifululizo ya wafalme waliohusiana kwa ukoo au kwa makao ya utawala, ulitokana na Manetho, kuhani aliyeandika kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK. Nasaba ya 4 ya Ufalme wa Kale, ambayo farao wake Khufu alijenga piramidi yenye kimo cha takribani mita 146, ilikusanya kodi na nguvu kazi mikononi mwa farao; lakini kufikia Nasaba ya 6 vyeo vya magavana wa majimbo vilikuwa vikirithiwa na watoto wao, huku baadhi ya mahekalu yakisamehewa kodi kwa amri za wafalme wenyewe, na hapo, zaidi kuliko katika uzee wa farao Pepi II wa nasaba hiyo aliyetawala zaidi ya miaka 60, ndipo penye kiini cha anguko. Ukame na mafuriko haba ya Nile, yaliyotegemewa na kilimo chote, viliikuta serikali imekwisha kudhoofika. Nchi iligawanyika kati ya watawala wa miji ya Herakleopolis na Thebes, hadi Mentuhotep II wa Nasaba ya 11 alipoiunganisha tena yapata mwaka 2050 KK.