Mito Myembamba Nyuma ya Jicho

Yeyote aliyekulia Mpanda kabla ya mwaka 2001 anaikumbuka klorokwini: vidonge vinne siku ya kwanza, vinne siku ya pili, viwili siku ya tatu, uchungu usiofichika hata kwa uji wa sukari, na mwasho uliowafanya wengi wajikune usiku kucha hata wakaona heri ya homa yenyewe. Mwaka huo serikali iliiondoa katika cheo chake cha dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea walikuwa wamekwisha kuizoea, ikaja dawa iitwayo SP na baadaye dawa mseto, na watu wakadhani habari yake imekoma. Haikukoma. Ndugu yake aliye mpole zaidi, haidroksiklorokwini, angali akimezwa kila siku, mwaka baada ya mwaka, na watu wenye maradhi yaitwayo lupasi.

Lupasi ni maradhi ambayo askari wa mwili, waliowekwa kuulinda, huasi wakamgeukia mwenyeji wao: wakashambulia ngozi, viungo, figo, hata damu. Kwa kila mwanamume mmoja apatwaye, wanawake wapatao 9 hupatwa, aghalabu katika umri wa kuzaa. Mwaka 1894 tabibu mmoja wa London, Payne, alieleza nafuu aliyoiona kwa wagonjwa wa lupasi ya ngozi aliowapa kwinini. Na kutoka katika ukoo huo wa dawa za malaria ndipo ilipopatikana tiba ambayo hadi leo ni nguzo ya wagonjwa hawa. Walakini mwaka 1959 Hobbs na wenzake, wa London pia, walitangaza kwamba klorokwini ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuharibu retina, yaani lile pazia jembamba nyuma ya jicho ambalo hupokea nuru na kupeleka habari zake kwenye ubongo.

Pazia hilo lina fadhila ya pekee, kwamba ndipo mahali ambapo tabibu huiona mishipa ya damu ya mtu aliye hai bila ya kumpasua, na fursa hiyo ilipatikana tangu Helmholtz wa Ujerumani alipotengeneza kifaa chake cha kutazamia ndani ya jicho mwaka 1851. Kwa mgonjwa wa lupasi huweza kuonekana vidoa vyeupe mithili ya pamba, damu iliyovuja, au mishipa iliyosinyaa. Mashine za siku hizi, zinazopiga picha kwa nuru pasipo kumchoma mtu sindano, zimeonyesha pia kwamba vijishipa vidogo kabisa huwa vimepungua hata kwa baadhi ya wagonjwa ambao bado wanaona vizuri. Je, vimepunguzwa na maradhi au na dawa?

Hapa namkumbusha msomaji Mto Katuma, upitao katika Hifadhi ya Katavi, ambao kiangazi hukonda hata viboko, kwa mamia, wakasongamana katika madimbwi ya tope. Wapo wanaolaumu ukame, na wapo wanaolaumu mifereji ya mashamba huko juu. Naye asimamaye ukingoni hawezi kwa kutazama tope peke yake kuamua hatia ni ya nani, madhali sababu zote mbili huacha alama moja. Ndivyo ilivyo nyuma ya jicho. Lupasi huvimbisha kuta za mishipa, hugandisha damu, na ikiharibu figo hupandisha presha. Dawa nayo, ikizidi, huanza kwa kudhuru chembe za retina, na chembe zikifa, mishipa inayozilisha hukonda. Matabibu wangali wakijadiliana juu ya fungu la kila mmoja, lakini mgonjwa asiyachukue majadiliano hayo kuwa ruhusa ya kuitupa dawa. Maana dawa hiyo hiyo hutuliza maradhi na hupunguza kuganda kwa damu, na anayeiacha kwa hofu ya macho yamkini akaifungia maji mishipa ile ile aliyotaka kuiokoa.

Jambo kubwa ni kipimo. Kanuni ya haidroksiklorokwini ni kutovuka miligramu 5 kwa siku kwa kila kilo ya uzito, hivi kwamba mtu wa kilo 60 asizidi miligramu 300, na wa kilo 40 asizidi 200, ambayo ni kidonge kimoja. Ionekane ndogo, lakini miligramu 300 kila siku kwa miaka 10 ni zaidi ya kilo nzima ya dawa, sawa na mfuko wa sukari dukani. Kwa anayeshika kanuni, hatari ya retina kudhurika ni chini ya asilimia 1 katika miaka 5 ya kwanza na chini ya asilimia 2 hadi miaka 10. Baada ya miaka 20 hupanda na kukaribia asilimia 20. Mwenye figo dhaifu yumo katika hatari zaidi. Wanaotumia pamoja nayo prednisoloni, dawa nyingine ya kutuliza lupasi, wana jingine la kuangaliwa, nalo ni mtoto wa jicho na presha ya macho.

Kwa hiyo macho hupimwa mara moja katika mwaka wa kwanza wa dawa, kisha kila mwaka baada ya miaka 5, au mapema zaidi kwa mwenye figo mbovu. Kutoka Mpanda hadi hospitali za kanda, Mbeya au Bugando ya Mwanza, ni safari ya kupangiwa nauli na siku, na sioni vema kumlaumu anayeiahirisha wakati wa mavuno. Mizani ya kupimia uzito, hata hivyo, haiko mbali hivyo, na tarehe ya kidonge cha kwanza yaweza kuandikwa kwenye daftari la kliniki. Dalili hazifai kungojwa: mwanamke achaguaye mchele huuona ukingo wa ungo bila shida, ila chuya zilizo karibu na pale anapokazia macho humpotea, akadhani ni uchovu, na wakati huo madhara yamekwisha kukaa, na yaweza kuendelea hata baada ya dawa kusimamishwa, kwa kuwa hukawia mwilini miezi mingi.