Hela za Babu Zisiuzwe kwa Kilo

Mjini Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, fedha hupita mikononi mwa watu mchana kutwa: shilingi kwa kwacha, kwacha kwa shilingi. Kila mkazi huijua bei ya siku. Lakini ziko fedha nyingine ambazo watu wa mji huo, na wa Mkoa mzima wa Songwe, huzitoa bila kuuliza thamani yake. Ni zile sarafu za shaba walizoziacha wazee vibwetani, ambazo huishia katika mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, pamoja na nyaya na mabomba mabovu.

Neno “hela” tulitumialo kila siku limetokana na sarafu hizo. Kwanza zilikuwapo pesa za shaba za Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, za mwaka 1890 hadi 1892, zenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Pesa 64 zilifanya rupia moja. Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ikaleta heller, 100 kwa rupia. Zote zilichapwa Ujerumani.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, manowari za Kiingereza zilifunga pwani, na sarafu kutoka Ulaya zikaadimika. Ndipo mwaka 1916 karakana ya reli mjini Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Humo zilichapwa heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, zenye herufi T, alama ya Tabora. Septemba mwaka huo huo majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji.

Wahenga walisema, vyaelea vimeundwa. Sarafu huchapwa kwa mihuri miwili ya chuma: kipande cha shaba huwekwa kati, kikagandamizwa kwa nguvu. Muhuri ukivunjika huchongwa mwingine, na mkono wa fundi haurudii kazi bila tofauti. Hivyo heller 20 za Tabora nyingine zina taji kubwa, nyingine ndogo. Herufi mbili za L katika neno “Heller” nazo hutofautiana: ziko zenye ncha zilizochongoka, ziko zenye ncha zilizopinda, na ziko ambazo L ya pili peke yake ndiyo iliyopinda.

Tena muhuri una umri, kama binadamu. Ukiwa mpya, herufi hutoka kali, ukichoka, hufifia, ukipata ufa, shaba huingia ufani na kuacha mstari juu ya sarafu. Mstari ulioinuka ni ufa wa muhuri. Uliochimbika ni mkwaruzo wa mfukoni au wa jembe. Sarafu mbili zenye ufa huo huo, mahali pale pale, zimezaliwa na muhuri mmoja, na yenye ufa mrefu zaidi ndiyo kitinda mimba. Kwa njia hiyo twaweza kujua ipi ilitangulia, ijapokuwa zote zimeandikwa mwaka mmoja.

Je, elimu hii ina faida gani kwa familia? Si utajiri. Heller 20 zilichapwa kwa malaki, na anayekuahidi mamilioni kwa “rupia ya Mjerumani” ni wa kuogopwa. Faida yake ni kumbukumbu. Hizi ndizo fedha walizolipwa wazee wetu na kutozwa kodi, na baadhi yake zilitengenezwa katika ardhi yetu wenyewe. Zikishayeyushwa, ushahidi huo haurudi.

Basi, ndugu msomaji, fungua kibweta leo. Usizisugue sarafu kwa mchanga, majivu wala ndimu, kwani utafuta alama tulizozieleza. Zishike ukingoni, uzitazame kwa mwanga wa ubavuni. Kila moja itie katika bahasha yake, uandike nani aliiacha na ilipatikana wapi. Kisha waite watoto, uwaambie watafute taji na ufa. Mtoto aliyeisoma hela ya babu yake hataipeleka kwenye mizani.